Nani Kachinja?

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenyeji wetu wa hapa Nguvumali, na akina mama mliotupikia uji asubuhi, nawashukuru sasa hivi kabla sijasahau, maana mimi nikishaanza kusema husahau adabu.

Mchungaji ameniomba nisimame niwaeleze jinsi kanisa letu dogo la kule ng'ambo ya mto, upande wa Mwera, lilivyopatana na majirani Waislamu. Amesikia kwamba sikukuu zetu hujaa watu wa kanzu na kofia, wanakaa mkekani pamoja nasi, wanakula, wanakwenda zao kwa amani. Ni kweli, wanakuja. Anataka ninyi wa makanisa mengine mjifunze kwetu. Lakini nawaambia mapema, ndugu zangu, kama mlitaka habari ya kujisifu mmemwita mtu siye. Mimi ni seremala. Ubao uliopinda nikiuficha kwa rangi, masika yakija mlango utanisuta. Kwa hiyo nitasema yote, ila majina ya watu nitayaacha. Mmoja wao yuko kaburini na hawezi kunijibu.

Mimi ni mtu wa milimani, Usambara, kama wengi wenu hapa. Nilishuka pwani kutengeneza milango na madirisha ya kambi kwenye shamba la mkonge. Kazi ilipokwisha sikurudi. Nikajenga Mwera, nikafungua banda langu la useremala, nikaoa, nikazaa. Wakristo tulikuwa wachache: sisi wa milimani, na jamaa wa bara waliokuja kukata mkonge wakabaki. Kanisa hatukuwa nalo. Tulisali bandani kwangu, maranda yakitunasa kwenye magoti.

Jirani yangu alikuwa mtu mzima kunizidi, ana shamba lake la minazi, na sala tano hazimpiti. Siku niliyohamia alikuja na sahani ya wali wa nazi imefunikwa kawa, akasema, "Fundi, mgeni hapiki siku ya kwanza." Tangu siku ile tukawa watu wa nyumba moja. Mke wangu akitaka kupika kuku, alimpelekea mzee yule kuku amchinje, ndipo ampike. Ninyi mliotoka milimani juzi mtashangaa, lakini sisi tulioishi pwani tunajua. Mkristo akitaka jirani zake wale kwake, hutafuta Mwislamu ashike kisu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Ni adabu ya mahali tu, na pwani hujui nani atapiga hodi chungu kikiwa mezani. Watoto wangu walikula kwake, wajukuu zake walikula kwangu, na hakuna aliyeuliza neno.

Tulipopata kiwanja cha kanisa, yeye ndiye aliyetoa makuti yote ya paa. Akaja mwenyewe na watu wa msikitini kuezeka. Kuna mmoja alimwuliza mbele yangu, "Mzee, nawe unawajengea Manasara nyumba ya kusalia?" Akamjibu bila kugeuka, "Namjengea jirani nyumba. Anasali nini humo, atajibu yeye." Akaendelea kufunga kuti lake.

Sasa njooni kwenye ubao wangu uliopinda.

Mwaka ule ule mimi nilipelekwa kusoma miezi miwili, mafundisho ya wazee wa kanisa. Nikarudi kichwa kimejaa. Katika niliyojifunza lilikuwamo hili, kwamba Bwana ametuweka huru, na kwamba hakuna chakula kilicho najisi kwa mtu wa imani. Nawaambia fundisho lile ni la kweli, na mpaka leo naliamini. Lakini mimi nilikuja nalo kijijini kama mtu aliyenunuliwa viatu vya kwanza maishani, anataka kila mtu aone miguu yake. Nikahubiri kwamba kumwita Mwislamu atuchinjie ni kuwaogopa wanadamu kuliko Mungu. Nyumbani nikapiga marufuku.

Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, kwani kuku amekosa nini?"

"Kuku hana kosa. Kosa ni sisi kuinama."

"Haya," akasema. Nikaja kujua baadaye kwamba aliendelea kuwapeleka kwa mlango wa uani. Mcheke tu, hata mimi leo nacheka.

Ikafika siku ya kubariki kanisa. Mchungaji alitoka mbali, na wakati ule tulimwona mara mbili tu kwa mwaka. Mwenzetu mmoja alitoa ng'ombe dume. Tuliwaalika majirani wote, maana paa lilikuwa lao. Na jirani yangu alikuwa ameniambia wiki nzima kabla, "Usihangaike, Fundi. Kisu changu nimeshakinoa."

Alfajiri ya siku ile akafiwa na shemeji yake, Pangani mjini. Wanaume wakavuka naye kwenda kuzika, karibu wote. Akamtuma mtu kuniambia kwamba atarudi mapema, nimngoje. Tukangoja. Jua likapanda. Kivuko hakionekani. Mwenzangu mmoja, mzee wa kanisa kama mimi, akasema, "Yule mkwezi wake hakwenda maziko, yuko shambani anaangua nazi. Nusu saa kwa miguu. Tumwite aje achinje." Neno jema kabisa. Nami nikalikataa. Nikasema, "Leo ni siku ya kubariki nyumba ya Bwana, na sisi tumsubiri mkwezi? Tunamtumikia Mungu gani?" Nikachukua kisu nikachinja mwenyewe.

Ndugu zangu, kama ningeishia hapo lisingekuwa kosa kubwa. Ng'ombe ni wetu, kanisa ni letu. Wageni wangekuja, ningewaambia, "Wazee, niwieni radhi, mlichelewa, nimechinja mimi. Kuna samaki, kuna wali." Wangekula samaki, wangenitania mpaka mwaka wa pili, basi.

Adhuhuri wakatokea. Wamechoka, vumbi la makaburini bado liko kwenye kanzu, hawajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Jirani yangu yuko mbele, ameshika kisu chake kimeviringwa kitambaa cheupe. Alitoka kuzika akapitia nyumbani kuchukua kisu, kwa ajili yangu. Pilau ilikuwa imeshateremshwa.

Akasema, "Fundi, samahani, mauti hayana miadi. Ehe, mmefanyaje? Nani kachinja?"

Watu wote wananitazama. Mchungaji ananitazama. Niliyekuwa nikihubiri kwamba kuinama ni dhambi nikaona haya kusema "mimi". Mtaniuliza kwa nini, nami nimejiuliza miaka. Nadhani ni kwa sababu niliuona uso wake, amechoka vile, na nikajua kwamba nilichokiita imani kilikuwa kukosa subira tu. Nikasema, "Tulimwita mkwezi wako."

"Alhamdulillahi," akasema. Akawageukia wenzake. "Jamaa, karibuni. Kuleni msiwe na wasiwasi, kachinja mtu wetu." Akanawa, akakaa, akatia tonge la kwanza yeye mwenyewe, maana ndiye mkubwa wao, na wengine walikuwa wakimwangalia yeye.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu, upawa mkononi. Alisikia. Siku ile hakula. Nilimpelekea sahani, akairudisha jikoni.

Ijumaa, walipotoka msikitini, jirani yangu akamshukuru mkwezi kwa kututunzia heshima. Mkwezi akashangaa. "Mzee, mimi siku ile nilikuwa juu ya minazi yako mpaka alasiri. Hata ukoko wa pilau sikuuonja, na bado nimenuna." Yeye alidhani anataniwa.

Nikamwona anakuja bandani kwangu, peke yake. Hakubisha hodi. Nilikuwa napiga randa, nikaendelea kupiga randa.

"Fundi, nakuuliza mara moja tu. Nani kachinja?"

Na mimi, badala ya kumpigia magoti, nikamhubiria. Nikasema, "Mzee, nyama ni nyama. Kwetu sisi hakuna chakula najisi. Moyo ndio unaoangaliwa."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sikukuuliza habari ya nyama. Nyama Mungu atanisamehe, sikujua. Lakini mimi ndiye niliyewaambia watu kuleni. Nimewalisha kwa mdomo wangu. Mdomo mwingine nitauazima wapi?" Akaondoka.

Hawakutupiga mawe, nisiwadanganye. Hawakutukana. Salamu walitoa kama kawaida, na misiba yetu walikuja, wakakaa mbali na chungu. Ila sahani iliyofunikwa kawa haikuvuka tena ule ua. Watoto wao waliokuja kujifunza kusoma kanisani wakaacha kuja. Mke wangu alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Akirudi navyo sinia zima, tunakula wenyewe, mchana vitumbua, jioni vitumbua. Watu watatu waliokuwa wameanza kuuliza habari za imani yetu sikuwaona tena. Na masika yalipokuja paa likavuja, kwa sababu upepo ulifumua makuti, na aliyeyafunga hakuja kuyatengeneza.

Mimi nilifanya nini? Nilihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya mateso ya watakatifu. Nimesimama mbele pale, maji yananidondokea begani, naeleza jinsi dunia inavyowachukia watu wa Mungu. Jumapili ya tatu, yule mzee mwenzangu akanishika mkono nje, akasema taratibu, "Mwenzangu, watakatifu waliteswa kwa kusema kweli." Nilimchukia mwezi mzima. Usingizi ulinipotea. Nilikonda, kazi zikanishinda, nikawa mkali kwa watoto bila sababu.

Ikapita hivyo zaidi ya mwaka. Ndipo binti yangu mkubwa akaposwa. Tukakaa kupanga harusi, mimi nahesabu wageni wa milimani. Binti akaniuliza, "Baba, na babu wa jirani?" Ndivyo alivyomwita. Nikaendelea kuhesabu. Akasema, "Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea pale uani kwake. Nikitoka bila yeye kuniona, nitakuwa nimetoka kama mtoto aliyeokotwa." Akaanza kulia. Mama yake hakumnyamazisha. Alinitazama mimi tu, akasema, "Nenda."

Nikaenda siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, wakati watu wamejaa barazani kwake. Nilitaka kumwita pembeni. Nilipofika nikaona kwamba uongo niliusema mbele ya watu, na pembeni ni mahali pa kuficha. Nikavua viatu. Nikasema, "Wazee, shikamooni. Siku ya kubariki kanisa nilichinja mimi kwa mkono wangu. Mkwezi hakuwapo. Mzee huyu hakujua. Mimi ndiye niliyemdanganya, naye akawaambia mle kwa kuniamini. Dhambi ni yangu, aibu ni yangu, na leo nimekuja kuichukua."

Mwalimu wao wa madrasa alikuwapo, akasema kwa upole kwamba aliyekula bila kujua hana lawama. Lakini mimi nilikuwa namtazama mmoja tu.

Jirani yangu akauliza, "Umekuja kwa sababu ya harusi ya binti?"

Ningeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa umeshalainika. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Bila harusi nisingekuja."

Akacheka kidogo. "Walau leo hukudanganya," akasema. Akanipa mkono, akaniambia atachinja yeye.

Ndugu zangu, nililia njiani mtu mzima mimi, sikujali nani ananiona. Hapo ndipo nilipopona. Ningependa ushuhuda wangu uishie hapo, na hapo ndipo wengi wanaposimulia wanapoishia.

Harusi ilikuwa Alhamisi. Akaja asubuhi na kisu chake. Akachinja, akakaa mpaka nyama ikaingia chunguni, na watu walipofika akasimama akasema, "Nimechinja mimi." Wakala. Nikampelekea sahani kwa mikono yangu miwili. Akasema, "Nimefunga, Fundi." Kweli, wacha Mungu wao wengi hufunga Jumatatu na Alhamisi. Sikuona ajabu.

Krismasi akaja, akachinja, akasimama, wakala. "Nimefunga, Fundi." Nikasema haya.

Ikaja Pasaka. Akachinja, wakala, nikampelekea sahani. "Nimefunga, Fundi." Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi, nikakuta kasahau kile kitambaa cheupe cha kisu. Nikamfuata mbio. Nikamkuta kwenye shamba lake amesimama na mkwezi, anakunywa dafu. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Jumapili.

Akaniona. Hakulitupa lile dafu wala hakulificha. Akalishusha taratibu, akanyoosha mkono, akasema, "Umeniletea kitambaa changu. Ahsante, Fundi." Nikampa. Nikageuka nikarudi zangu.

Alinichinjia miaka minne. Sikukuu zile mnazozisikia, zile Mchungaji anazotaka mjifunze, yeye ndiye aliyezisimamisha kwa neno lake mwenyewe mbele ya watu wake, na hakuwahi kuniaibisha hata siku moja. Wala hakuwahi kula. Kila mara aliniambia amefunga, nami nikamwambia, "Mungu aipokee saumu yako." Sote wawili tukijua. Alinisamehe, sina shaka na hilo, na msamaha wake ndio uliolirudisha kanisa letu mahali pake. Lakini tonge langu lilimkwama kooni siku ile ya kwanza, na halikushuka tena.

Amefariki mwezi uliopita.

Basi nashukuru. Namshukuru mke wangu aliyerudisha sahani. Namshukuru mzee mwenzangu, amekaa pale nyuma anaangalia chini, nilimchukia bure. Nawashukuru watu wa msikiti ule, waliorudi wakaezeka paa letu upya. Na kama mnataka fundisho la kupeleka makwenu, ni hili. Uhuru wa imani nilipewa mimi, kwa tumbo langu. Sikupewa kwa tumbo la mwenzangu. Mnapotaka kujua kama kanisa lenu limepatana na majirani, msihesabu waliokaa mkekani. Mtazameni yule anayesema amefunga.

Nimalizie na hitma yake, kisha nikae. Nilikwenda, nikakaa nje ya kundi kwa sababu sikujua mahali pangu. Mwanawe mkubwa akaja akanishika mkono, akanikalisha kwenye sinia moja na wao, watoto wa marehemu. Wali, nyama, nikanawa, nikala. Nilikuwa nimefika tonge la tatu au la nne ndipo mkono ukanisimama. Nilikuwa sijauliza neno. Wangeweza kunilisha chochote, mimi niliyewalisha wao, na wala haikunipitia moyoni. Nilikula tu, kama mtu anavyokula nyumbani kwa watu anaowaamini.

Hicho ndicho alichokuwa nacho jirani yangu alipoingia na kisu chake siku ile, amechoka, ametoka kuzika. Mimi ndiye niliyemnyang'anya.